Harusi Mlangoni kwa Namsifu

Sinema za kutisha zilipigwa picha sana katika mji wa Kwemzizi, hata watoto wakawa wanaiamkia mizimu ya maigizo njiani, nayo ikiitikia marahaba.

Siku moja mwongozaji tajiri, Bwana Rweyemamu, alimwendea Namsifu, mjane muuza vitumbua.

"Mama, mzimu wetu utafia nyumbani kwako. Kesho tunaichoma nyumba. Mwenyekiti wa mtaa ameshakubali. Wewe tutakupa hema."

"Haya, baba. Na sinema inaishaje?"

"Mzimu ukishaungua na nyumba, binti anaolewa. Harusi tunaipiga leo, maana huyo binti anasafiri usiku kwenda Ulaya. Nimekosa uwanja tu."

"Ipigeni mlangoni kwangu. Nitapika pilau, niiage nyumba yangu kwa vigelegele."

Bwana Rweyemamu alifurahi. Bibi harusi alicheza mlangoni hadi jua likazama, kisha akasafiri.

Kesho yake mwongozaji alifika na madumu ya mafuta ya taa. Namsifu alikuwa amekaa kizingitini, anachagua mchele.

"Tupishe, mama, tuchome."

"Chomeni. Ila watazamaji watauliza, nyumba iliyokwisha kuungua imechezewaje harusi mlangoni?"

Bwana Rweyemamu alishika kichwa. "Mama, umeniua!"

Mzimu, uliokwisha kupakwa unga uso mzima, ulisogea taratibu.

"Shikamoo, mama. Kwa hiyo mimi siungui tena?"

"Marahaba. Huungui, mwanangu. Nawa uso, uje unisaidie kuchagua mchele."