Hashuki Mpaka Asikie Mkunga

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimenyofoka, rangi imepauka, na mgeni akibisha hodi mwenyewe huusukuma uvunguni asiaibike. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na ukipita mbele ya mtu umekunjwa begani mwa mwenyewe, macho humtoka akasahau kwamba hana haki nao. Wahenga walikuwa wamelalia mikeka mingi kuliko sisi, nao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala una mwenyewe na una safari yake, na ukishapita utabaki na sakafu tupu. Watu wengi huikariri methali hii shuleni, wakaisahau siku wapatapo vyeo.

Katika jiji kuu la nchi moja palikuwa na stesheni ya reli iliyoitwa Mkunga. Kuba lake lilichorwa kwenye stempu na kwenye sarafu ndogo, na mtoto aliyeambiwa na mwalimu achore nchi yake alianza na kuba hilo. Jina lake halikutolewa na kamati yoyote. Mwaka wa mafuriko makubwa reli ilikatika pande zote mbili, na abiria wa treni ya mwisho wakakwama pale majuma kadhaa. Miongoni mwao alikuwamo mkunga mmoja mstaafu, aliyekuwa anarudi kwao kupumzika. Pumziko hakulipata. Aligeuza ukumbi wa abiria kuwa wodi, akatandika mkeka wake chakavu kwenye kona isiyovuja, na waja wazito waliokuwamo safarini wakajifungulia hapo mmoja baada ya mwingine. Maji yalipopungua alipanda treni ya kwanza, akaenda zake bila kungoja asante ya mtu. Watu ndio walioanza kuambiana, "Tukutane pale kwa mkunga," mpaka shirika la reli likaona haya kutoliandika jina hilo kwenye bodi.

Mtangazaji wa stesheni hiyo alikuwa mama mmoja ambaye hata mume wake alimwita Sauti. Alikuwa mmoja wa watoto waliozaliwa kwenye mkeka ule. Marehemu mama yake alimsimulia kwamba alitoka kimya, mwili umelegea, na wanawake waliokuwa karibu wakaanza kujifunika nyuso. Mkunga akampulizia pumzi, akamsugua mgongo, akampulizia tena na tena, hata kilio kikamtoka kikasikika jukwaa la mwisho. Mama yake alizoea kumwambia kwamba sauti ile alipewa, basi aitumie vizuri. Kwa hiyo kila alipobonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema, "Treni inaingia Mkunga," moyoni alikuwa anashukuru. Mshahara aliuona kama nyongeza, ingawa mwisho wa mwezi aliifuata nyongeza hiyo mbiombio.

Uchaguzi ulipokaribia, waziri wa uchukuzi alitangaza kwamba stesheni hiyo itaitwa Stesheni ya Mwenyekiti, kwa heshima ya mwenyekiti wa chama kilichokuwa madarakani. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa hai na buheri wa afya, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona akipanda treni.

Nchi nzima ikawa kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Redioni, sokoni, kwa vinyozi, kila mwenye mdomo alikuwa na neno. Waliounga mkono walisema taifa kubwa haliwezi kubeba jina la bibi ambaye hata mwajiriwa wa reli hakuwa. Waliopinga waliuliza gharama. Bodi zote zingeng'olewa, tiketi na ratiba zichapwe upya, ramani zibadilishwe, hata vitabu vya shule na ile sarafu ndogo. Wakati huo paa la jukwaa la tatu lilikuwa linavuja hivi kwamba abiria walifungua miavuli ndani ya jengo, na kila mwaka waliambiwa fedha hakuna. Mzee mmoja alipiga simu redioni akasema angependa kujua fedha hizo zilikuwa zimejificha wapi, maana zimeonekana ghafla mno.

Serikali ikaitisha kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, pale pale kwenye ukumbi wa abiria. Sauti alijiandaa kusema. Alitaka kusimulia habari za mkeka na pumzi. Lakini asubuhi hiyo mkuu wa stesheni, bosi wake, alimwita kando akamwonyesha boksi lililokuwa kwenye kona ya chumba cha matangazo. Ndani yake mlikuwa na mashine yenye sauti iliyorekodiwa, tayari kutangaza jina jipya. Mtangazaji atakayeleta ukaidi, alisema kwa upole, mashine itamrithi. Mume wa Sauti alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na watoto walikuwa shule. Zamu yake ilipofika alisimama, akapewa kipaza sauti, na mdomo aliouzoea maisha yake yote ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Waziri mwenyewe akamtia moyo aseme.

"Mimi nauliza tu," akasema, "choo cha wanawake kitatengenezwa lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Waziri akajibu kwamba suala la choo linashughulikiwa, na kikao kikaendelea. Sauti alirudi nyumbani akalia mpaka mume wake akadhani kuna msiba. Alijiona ameila pumzi ya mkunga na kumtemea mate.

Siku ya uzinduzi ikawadia, na mvua nayo ikaja kuhudhuria. Bodi mpya zilikuwa zimetundikwa. Jiwe la jina lilikuwa ukutani, limefunikwa kwa pazia jekundu. Bendi ilipangwa jukwaani na kuagizwa ianze kupiga mara tu mtangazaji atakapotaja jina la stesheni, treni ya asubuhi itakapoingia. Na katika treni hiyo alitarajiwa mama yake waziri, kutoka kijijini. Waziri alimpenda sana mama yake na alitaka akae kiti cha mbele. Alikuwa amemwambia tu kwamba ana sherehe mjini. La jina hakumwambia, na pengine moyo wake ulijua kwa nini.

Treni ikaingia. Sauti akabonyeza kitufe, akafumba macho, akasema, "Treni inaingia Stesheni ya Mwenyekiti." Bendi ikalipuka. Abiria wengine walishuka, wengine wakachungulia madirishani wakiulizana hapa ni wapi. Waziri alitembea na shada lake la maua behewa hadi behewa, mama hamwoni. Honi ikalia, treni ikaondoka.

Akapiga simu, nayo ilikuwa imezimwa. Mama yake alikuwa na mazoea ya kuizima simu safarini, isiishiwe chaji kabla hajafika. Waziri akamwomba mkuu wa stesheni, na mkuu wa stesheni akamwagiza Sauti amtafute gadi wa treni kwa simu ya upepo. Haikupita muda gadi akajibu, na chumba kizima kikasikia. Mama amepatikana. Macho yake yana ukungu, haoni mbali. Ameambiwa kwamba stesheni yake imeshapita, naye amekataa katakata.

"Anasema yeye si mjinga," gadi akaeleza. "Amepita njia hii tangu ujana, na yule binti wa Mkunga bado hajaita. Anasema wezi wa mjini huwashusha watu mahali sipo, kisha wakawapora. Hashuki mpaka asikie Mkunga."

Waziri akamwamuru gadi amwambie kwamba ni mwanawe anayemwita. Gadi akajibu kwamba amekwisha kujaribu, na mama amesema kila tapeli hujifanya mwana wa mtu. Ikawa hakuna la kufanya ila kungoja treni ifike mwisho wa reli na kugeuza. Wageni wakakaa. Tarumbeta za bendi zikajaa maji. Jukwaa la tatu watu walisimama na miavuli yao kama kawaida, wakiangalia viti vya heshima vikilowa, na siwezi kuapa kwamba hawakufurahi.

Treni iliporudi na kukaribia, waziri aliingia chumba cha matangazo. Shada la maua lilikuwa bado mkononi, limenyong'onyea.

"Dada yangu," akasema, "naomba uite jina la zamani. Mara hii moja tu, mama ashuke, kisha tuendelee na sherehe."

Kidole cha Sauti kilikuwa tayari juu ya kitufe. Angeweza kubonyeza tu, yakaisha. Lakini alikumbuka kicheko cha ukumbini na machozi aliyoyalia, akapiga moyo konde, akaondoa kidole.

"Naweza, Mheshimiwa. Lakini ndani ya treni hiyo wamo mama za watu wengine, na kesho watakuja wengine wasioona. Nikimwitia mama yako leo, wao kesho niwaitie nini?"

Mkuu wa stesheni akakohoa, kile kikohozi cha kumwambia mtu awafikirie watoto wake. Sauti aliwafikiria. Alifikiria pia karo yao na mume wake aliyekaa nyumbani, na hofu ikamshika kwelikweli. Hata hivyo akaendelea.

"Sauti hii nilipewa na yule mkunga, ndani ya ukumbi ule mliofanyia kikao. Nilizaliwa sipumui. Siku ile ya maoni nilikuja kusema maneno haya, nikaishia kuulizia choo. Leo nimeyasema. Kama hunitaki, mashine iko kwenye boksi pale, ila nayo inajua jina jipya tu."

Waziri alitazama nje kupitia kioo. Aliona pazia jekundu lililolowa na kugandamana na ukuta. Aliona pia treni inakata kona ya mwisho, akamwaza mama yake ndani yake, ameketi anatega sikio. Honi ikalia.

"Ita," akasema kwa sauti ndogo. "Ita kama ulivyozoea kuita."

Sauti akabonyeza kitufe. "Mabibi na mabwana, treni inaingia Mkunga. Abiria wa Mkunga, karibuni nyumbani."

Makofi yalianzia jukwaa la tatu, chini ya miavuli, yakaenea kote. Bendi, iliyokuwa imeagizwa ipige ikisikia jina la stesheni, ikapiga. Na kutoka behewa la nne akashuka bibi mmoja mfupi, fimbo mkono huu na kikapu mkono ule, akisema kwa kuridhika kwamba sasa ndiyo tumefika. Mwanawe alipomkumbatia hakuyajali maua. Aliomba kwanza apelekwe kwa binti anayeita.

Alipofika alimpapasa Sauti uso na mabega, polepole, kama anayemsoma.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Macho yangu yalikwisha kitambo. Nikiwa safarini naona kwa mdomo wako."

Sauti alimshika mkono, wakasimama hivyo. Bibi akamgeukia waziri. Alisema kwamba redioni alisikia kuna watu wanataka kulifuta jina la yule mama, naye akawaambia majirani kwamba watu hao hawana wazazi.

"Walisema ni serikali," akaongeza. "Sikujua serikali ni wewe."

Waziri akainamisha kichwa. Mama yake hakumgombeza. Alimkumbusha tu kwamba dada yake mkubwa alizaliwa katika ukumbi ule, juu ya mkeka uliochakaa, na kwamba mkunga aliwalaza wenye uchungu kwenye mkeka huo huku yeye mwenyewe akilala sakafuni. Waziri aliijua hadithi hiyo tangu utotoni. Aliisikia mara nyingi mno, mwishowe akawa haisikii tena. Sasa aliisikia, na machozi yakamlengalenga mbele ya walinzi wake.

Akatoka mvuani, akasimama mbele ya jiwe ambalo pazia lake halikufunguliwa, na hotuba aliyoandikiwa ikabaki mfukoni. Aliwaomba radhi wananchi. Alisema jina la Mkunga halitaguswa, na fedha zilizokuwa hazijatumika zitaezeka jukwaa la tatu. Kisha akataja, bila kutarajiwa na yeyote, kwamba choo cha wanawake kitatengenezwa, maana kuna mtu aliuliza. Kicheko cha safari hii Sauti alikicheka pamoja na wenzake.

Chamani walimnunia waziri, na wengine wakamwita msaliti. Lakini mwaka haukwisha kabla mwenyekiti hajaangushwa katika uchaguzi wa chama chake mwenyewe. Akaingia mwingine, asiyetaka kusikia habari za mwenzake, na yule wa kwanza akahamia upinzani na kutoka huko akakitukana chama asubuhi na jioni. Lau stesheni ingebadilishwa jina, bodi zingeng'olewa tena, na ramani, na tiketi, na sarafu. Waliompigia vigelegele mwenyekiti ndio hao hao waliosema walijua tangu mwanzo.

Sauti bado yuko kazini, na juu ya boksi la mashine siku hizi huweka birika la chai. Mvua ikinyesha hutazama jukwaa la tatu, huwaona watu wamesimama pakavu, miavuli imekunjwa, na humshukuru mkunga ambaye hakungoja asante. Treni ikikata kona, hubonyeza kitufe na kuliita jina lile la zamani, naye bibi mwenye kikapu, popote alipo ndani ya behewa, huanza kujifunga kitenge chake ashuke. Hapo ndipo mtu anapoelewa wahenga walimaanisha nini waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.