Pumzi ya Nyamizi

Mtoto huazima pumzi ya mlezi.

Bibi Siwema aliitamka methali hiyo siku ya maandalizi ya arusi, baada ya kijana mmoja kumfokea mwanawe aliyekuwa akilia, na kilio kikazidi. Wasichana waliokuwa wakimenya vitunguu wakaacha visu.

"Bibi, hiyo nayo ya wapi? Watu huazima sufuria, huazima kanga. Pumzi inaazimwaje?"

"Nyie menyeni, mimi nitasema," Bibi alijibu. "Chimbuko lake ni hili."

Zamani, upande wa Unyamwezi, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa asali. Mizinga ilining'inia msituni, na mingine kwenye miti ya uani. Wazee walishikilia kwamba kelele huwakasirisha nyuki, kwa hiyo katika kijiji hicho mtoto hakuachwa alie. Akianza tu kukunja uso, mkubwa aliye karibu, awe mama yake au mpita njia, alimfunika mdomo kwa kiganja na kumwambia, "Nyuki wanasikia." Hata kabla ya umri wa kuchunga mbuzi, watoto wengi walikuwa wamekwisha jifunza kulia ndani kwa ndani. Wageni walistaajabu na kusema, "Watoto wenu wana adabu!" Wenyeji walifurahi sana kusikia hivyo.

Nyamizi alizaliwa na kukulia humo humo. Hakukumbuka kilio chake mwenyewe kilikuwaje. Lakini binti yake, Kalunde, aliyekuwa hajang'oka jino hata moja, hakufanana na watoto wa wenzake. Kiganja kilipomfunika alinyamaza kweli, ila alinyamaza kama chungu kinavyonyamaza chini ya kifuniko. Alibana pumzi, midomo ikapauka. Kisha, baada ya kitambo, kwa jambo dogo tu, kama uji kuwa wa moto, alilipuka. Alipiga yowe, akajitupa chini, akauma mkono wowote uliomsogelea.

"Mwenzetu," majirani walimtania Nyamizi kisimani, "huyu ulimzaa au ulimwokota kwa fisi?"

Nyamizi alicheka pamoja nao. Lakini aliishi siku zake akisikiliza. Akitwanga alisikiliza, akipepeta alisikiliza. Alikijua kilio cha mwanawe kabla hakijatoka: kwanza pua hutanuka, kisha mdomo wa chini hupoteza rangi, na baada ya hapo hakuna awezaye kukizuia.

Msimu mmoja, miombo ilipochanua, baba mkwe wake, Mzee Kasele, alikuwa uani akipaka nta ndani ya mzinga mpya. Ndivyo walivyofanya, ili nyuki wanaohama wanuse na kuingia. Kalunde alimsaidia mpaka viganja vikang'aa. Alipochoka alijifuta kichwani, kama watoto wafanyavyo, akaenda kukaa juu ya gogo kando ya ghala. Hakuna aliyeliwazia jambo hilo. Harufu ya nta ilikuwa ya kila siku, na pua zao zilikwisha kuizoea.

Nyuki wakaja kama moshi unaotembea. Walizunguka juu ya ghala, wakashuka, wakatua juu ya Kalunde. Nyamizi alipotoka jikoni na ungo mkononi, nywele za mwanawe hazikuonekana tena. Nyuki walikuwa wamefunika kichwa, masikio, shingo na bega moja, wakining'iniana wao kwa wao. Uso peke yake ndio uliobaki wazi.

Ungo ulimponyoka.

"Asikimbie mtu!" Mzee Kasele alisema kwa sauti ya chini. "Wala asilete mtu moshi. Hawa hawana nyumba ya kurudi. Mkiwafukiza watamalizia hasira kwake."

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika nje ya ua. Mama mkwe wake Nyamizi, Bibi Mwashi, alisimama mlangoni, kiganja chake kimefunika mdomo wake mwenyewe, akimwonyesha mjukuu namna ya kufanya. "Usilie!" alinong'ona. "Kalunde, funga mdomo! Nyuki wanasikia!" Na watu wote wakaweka viganja midomoni, wamwonyeshe.

Kalunde alitii. Alibana pumzi. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na kadiri yalivyotetemeka, mvumo wa nyuki ulipanda.

"Baba, watoe," Nyamizi alisema.

"Hawatolewi, mwanangu. Nitauinamisha mzinga juu ya kichwa chake. Wakinusa nta na kuona giza watapanda wenyewe."

"Watachukua muda gani?"

"Muda wanaoutaka wao. Akitulia, watapanda. Akirusha mikono na kupiga yowe..." Mzee aliunyanyua mzinga taratibu na kwenda kusimama nyuma ya mtoto.

Nyamizi aliona pua za mwanawe zikitanuka. Akamwendea mbio mbio, mikono mbele, macho yamemtoka. Kalunde aliuona uso wa mama yake, na chochote kilichokuwa kimemshikilia kikakatika. Mkono wake ukaruka. Nyuki wakavuma kwa ghadhabu, wengine wakainuka hewani.

"Rudi!" Mzee alisema. "Nyamizi, rudi. Alikuwa na hofu yake, umemwongezea na yako."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko. Kichwa kilimzunguka. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa amevuta pumzi kamili tangu atoke jikoni. Alikuwa ameibana, kama mtoto wake alivyoibana, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Ninamtaka atulie, akawaza, lakini nimempa nini cha kutulia nacho?

Aliiachia pumzi. Ilitoka ikitetemeka kama mzee anayeshuka ngazi. Akavuta nyingine, akaishusha mpaka tumboni, akaiachia. Akatembea polepole, akaketi chini mbele ya gogo, chini kidogo ya macho ya mwanawe.

"Kalunde," alisema, "unaogopa."

Mtoto alimtazama. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo bila kuongeza *usi* mbele yake.

"Na mimi naogopa," Nyamizi aliendelea. "Sana. Nipe mkono. Huo wa chini, polepole. Uweke hapa tumboni kwangu. Unasikia linavyopanda? Linavyoshuka? Wewe fuata hilo tu."

"Nataka kulia," Kalunde alisema bila kufungua meno.

"Lia."

Mlangoni Bibi Mwashi aliguna. Nyamizi hakugeuka.

"Lia, mama. Machozi yaache yashuke yatakavyo. Pumzi ndiyo usiifungie. Itoe puani, pole pole, pamoja na yangu."

Machozi yakashuka. Kifua cha mtoto kilikwama, kikafunguka, kikakwama tena. Mara mbili aliipoteza pumzi ya mama yake, na mara mbili tumbo la mama yake lilimngoja. Nyuma yake mikono ya Mzee Kasele ilianza kuchoka, jasho likamtiririka hadi kidevuni, lakini mzinga haukusogea. Nyuki wa kwanza walikuwa wamepata ukingo wake. Wakasimama. Wakaingia. Wakatoka tena.

"Mama," Kalunde alinong'ona, "wananitafuta chawa?"

Kicheko kilimpanda Nyamizi kooni, karibu kimtoke. "Hapana. Hawana nyumba. Wamedhani wewe ni nyumba."

"Mimi si nyumba."

"Si nyumba. Babu anawaonyesha nyumba yao."

Ndipo nyuki mmoja, aliyebanwa kwenye mkunjo wa gauni shingoni, alipomchoma. Kalunde alitumbua macho. Mdomo wa chini ukapoteza rangi yote. Nyamizi aliijua hatua hiyo. Baada yake hapakuwahi kuwa na kurudi. Alitaka kuruka amfunike mtoto mdomo. Kiganja chenyewe kiliinuka, na akakishusha kwa nguvu kama mtu anayemzuia mbuzi.

"Imeuma," alisema. Sauti yake ilitoka imara, hakujua kutoka wapi. "Najua imeuma. Minya mkono wangu. Minya kwa nguvu zote. Na pumzi?"

Kucha zilizama katika kiganja cha Nyamizi. Watu hawakusikia kitu isipokuwa mvumo, kisha pumzi ndefu ya mtoto ikitoka puani, imekatikakatika, lakini ikitoka. Ikafuata nyingine.

Mvumo ukashuka. Labda malkia wao alikuwa amekwisha kuingia, labda nta iliwashinda. Mzee Kasele mwenyewe hakusema. Nyuki walianza kupanda kwa safu, wakikanyagana mgongoni, kutoka begani hadi shingoni, kutoka shingoni hadi utosini, hadi gizani. Sikio moja likaonekana. Kisha la pili. Mzee aliuinua mzinga, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje ya ua.

Hapo ndipo Kalunde alipofungua mdomo. Alilia kwa sauti ambayo kijiji kile hakikupata kuisikia, akiwa amejitupa kifuani kwa mama yake. Bibi Mwashi alikuja mbio, kiganja mbele, kwa mazoea ya maisha yake yote.

Nyamizi akamdaka mkono. Mkwe kumshika mama mkwe mkono hadharani! Wanawake waliokuwa wakitazama walishusha macho.

"Mwache, mama. Niwie radhi. Mwache kilio chake kiishe chenyewe."

Bibi Mwashi alisimama, mkono wake bado umeshikwa. "Na mimi," alisema taratibu, "nani aliyeniacha?"

Nyamizi hakuuachia ule mkono. Aliuvuta chini, mpaka kikongwe akaketi mavumbini pamoja nao. Nyamizi alivuta pumzi na kuishusha. Kalunde, katikati ya kwikwi zake, akaifuata. Baada ya muda, kwa shida, kama anayejifunza kazi ngeni uzeeni, Bibi Mwashi naye akaifuata.

Mzee Kasele aliporudi, majirani walimzonga. "Mzee, mtoto yule hajawahi kutulia tangu azaliwe. Mama yake kampa dawa gani?"

Mzee alikuwa akijinyoosha mikono iliyokufa ganzi. Aliwatazama wale watatu pale chini.

"Hakumpa dawa," alisema. "Utulivu mtoto hazaliwi nao, na hauamrishwi. Hukopa kwanza kwetu, akatumia, akatumia, mpaka siku moja akawa na wake. Sasa mkubwa asiyekuwa nao atampa nini?"

Watu wakatawanyika. Wengine hawakukubali, na viganja vingi viliendelea kufunika midomo kwa miaka. Kalunde naye aliendelea kulipuka, kwa sababu ya uji, kwa sababu ya jua, kwa sababu isiyojulikana, na zipo siku ambazo Nyamizi alilipuka pamoja naye. Lakini tangu hapo, mtoto alipokunja uso, walikuwapo wanawake kijijini waliojigusa tumbo kwanza, kabla hawajamgusa yeye, na kuambiana kwa sauti ya chini:

Mtoto huazima pumzi ya mlezi.