Hodi Tatu za Mndolwa

Hodi ya pili hufuta ya kwanza.

Methali hii mmeisikia kwa Bi Shekue, na sasa mnaniuliza mimi ilikotoka. Mmefika kwa mwenyewe. Riziki, hebu ondoa kidole kwenye hicho kitufe. Fomu yako ya chuo imeshakwenda, ukiituma tena haifiki mara mbili. Kisa hiki nakijua shina mpaka jani, na nakijua vizuri kwa sababu mimi nilikuwa nje yake, natazama tu. Mbugwani nzima hamtapata mtu mwenye subira kama mimi Chande. Msicheke. Mashine ya fotokopi bado inapata moto, nafasi tunayo.

Bi Shekue mwenyewe yule pale kwenye kiti cha mlangoni, anangoja nakala za hati ya kiwanja chake. Amefumba macho. Mwacheni bibi wa watu apumzike.

Methali ilizaliwa namna hii.

Palikuwa na mwalimu wa kompyuta akiitwa Mndolwa, mtu mrefu, mpole, shati amechomekea hata akienda kisimani. Alifundisha wilaya ya pili, mwendo wa siku nzima kwa basi, lakini dada yake wa pekee, Tabu, aliolewa hapa Mbugwani. Tabu alikuwa na damu ya O hasi, damu ambayo unaweza kuuliza mtaa mzima usiipate. Uzazi wake wa kwanza ulimtoa damu mpaka kucha zikawa nyeupe, na mtoto hakuishi. Yeye alipona kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha jirani alitembelewa na mjomba mwenye damu hiyo hiyo. Daktari alimvuta Mndolwa pembeni.

"Mwalimu, bahati haina zamu. Usiingoje mara ya pili."

Tabu aliposhika mimba tena, Mndolwa alikuja na daftari akazunguka mji huu nyumba kwa nyumba. Wengine walimdhani wa sensa, wengine walimfungulia mbwa. Mwisho wa likizo alikuwa na watu kumi na saba wenye O hasi, waliokubali kuitwa saa yoyote. Mmoja wao alikuwa Mzee Kibwana muuza mkaa, ambaye banda lake limegusana na ukuta wa hospitali.

Alipeleka majina maabara. Mtu wa maabara hakuyagusa.

"Karatasi hapa zinaliwa na panya, mwalimu. Tukikosa damu tunafungua Jamvi. Ingia Jamvini, tutakuona."

Nyinyi mmekua simu inajibu kila kitu, kwa hiyo nieleze. Siku zile Jamvi ilikuwa orodha kubwa ya tovuti, imegawanywa mafungu: kilimo, shule, afya. Kila fungu lilikuwa na mhariri wa kujitolea, mtu asiyelipwa hata asante, anayesoma kila tovuti kwa macho yake kabla ya kuikubali. Matapeli walikuwa wengi kwenye mtandao, wengine wakiuza maji ya bomba kwa jina la dawa. Hospitali ikaamua kuamini Jamvi peke yake. Usipokuwa Jamvini, hupo duniani.

Mndolwa akajenga tovuti, akaiita Damu Jirani, akaweka majina kumi na saba na namba zao, akaituma Jamvini. Akapata jibu la mstari mmoja: "Ombi limepokelewa. Litasomwa kwa zamu yake."

Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza alifungua fungu la afya. Akaona imeingia tovuti ya miwani. Akaona ya meno ya bandia. Yake hakuna. Wiki tatu zikapita, na tumbo la Tabu halikuwa likisubiri mhariri.

Hapo ndipo alipomweleza rafiki yake mmoja. Jina la rafiki halina kazi katika kisa hiki. Alikuwa na kiduka chake mjini hapa, mtu wa maneno mengi na mizaha.

"Umebisha mara ngapi?" rafiki akauliza.

"Mara moja."

"Mara moja! Mwalimu, umelelewa wapi wewe? Ukipiga hodi moja ukanyamaza, wenye nyumba watasema ni paka. Hodi ni tatu."

"Wameandika kwa zamu."

"Zamu ya nani? Mtu kalala huko ndani. Mwamshe!"

Mndolwa alicheka, lakini neno lilimwingia. Wote wawili walifundishwa hivyo na mama zao: unapiga hodi, unangoja; unapiga tena; ya tatu isipoitikiwa ndipo uondoke. Nani angeiona adabu ni kosa? Akatuma ombi la pili. Lilipopokelewa kwa mstari ule ule, moyo wake ukatulia kidogo. Angalau amebisha.

Zikapita wiki sita. Hodi ya tatu ikatumwa siku ya Alhamisi.

Jumanne iliyofuata, saa nane mchana, Tabu alishikwa na uchungu mwezi mmoja kabla ya wakati. Mumewe alikuwa safarini. Majirani walimbeba hajitambui. Karatasi ya majina alikuwa nayo, imekunjwa vizuri chini ya nguo za mtoto sandukuni, lakini majirani wangejuaje? Mtu wa maabara alipima damu, akafungua friji, akakuta hamna. Akakimbilia kompyuta kama alivyoahidi, akafungua Jamvi, fungu la afya. Akaona miwani. Akaona meno ya bandia. Akatafuta juu mpaka chini, akarudia, akarudia tena.

Nyuma ya ukuta Mzee Kibwana alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anapiga gumzo na wateja, na damu yake mwilini.

Alasiri Tabu akafariki. Mtoto walimtoa mzima. Riziki, hapo ndipo unapoingia wewe, siongezi neno.

Baada ya arobaini Mndolwa aliwaandikia Jamvi, anataka kujua nani alikuwa mhariri wa fungu la afya. Alifikiri ni mtu wa ng'ambo. Akajibiwa kuwa anaishi Mbugwani, mtaa wa nne kutoka sokoni: muuguzi mstaafu, Bi Shekue.

Alikwenda kwake Ijumaa asubuhi. Kwa safari yote alikuwa akiyapanga maneno ya kumtukania. Akasimama mlangoni, akapiga hodi moja, akangoja. Alingoja mpaka jua likamfika kisogoni. Bi Shekue alikuwa uani akitwanga. Alipotoka alimkuta amesimama vile vile.

"Karibu, baba. Umesimama muda gani? Mbona hukubisha tena?"

"Mama, mimi ndiye wa Damu Jirani."

Bi Shekue aliweka mchi chini. Aliingia ndani akatoka na daftari.

"Nilikuwa nasoma waombaji watano kila Jumamosi, kuanzia juu ya foleni. Mara ya kwanza ulishafika katikati, ukatoweka. Nikasema labda ameghairi. Mara ya pili ulikuwa wa tatu. Wa tatu, baba! Nilisema Jumamosi hii namwingiza. Nilipokaa kusoma sikukuona. Nikashuka mpaka chini, nikakukuta wa arobaini na tatu, na zamu haturuhusiwi kuiruka."

"Nilikuwa nabisha."

"Mashine ya Jamvi haijui adabu zetu. Tovuti moja, nafasi moja. Ukituma upya, inakung'oa ulipo inakupanda mkiani."

"Nilifikiri hamjanisikia."

"Ulisikiwa siku ya kwanza." Yule mama alikuwa akilia. "Hodi ya pili hufuta ya kwanza, mwanangu."

Basi ndiyo hiyo. Tangu siku ile Mndolwa akifika kwa mtu hupiga hodi moja, akangoja hata mvua ikimnyeshea. Watu wakauliza, wakaambiwa, neno likasambaa. Na nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe kama mnaua kunguni, mkumbuke: hodi ya pili hufuta...

"Chande."

Bi Shekue alikuwa amefumbua macho. Sijui tangu lini.

"Naam, mama."

"Alhamisi ile ya hodi ya tatu Mndolwa alikuwa anasimamia mtihani wilayani kwake, tangu asubuhi hadi jioni. Alinieleza. Neno lake la siri alikuwa amemwachia rafiki amwekee picha kwenye tovuti. Amekusitiri miaka kumi na minane, na mimi nikanyamaza kwa heshima yake. Lakini leo umesema ulikuwa nje ya kisa."

Mashine ilikuwa imeshapata moto. Nakala zilianza kutoka, moja, nyingine, na hakuna aliyezipokea. Riziki alikuwa ananitazama mikono.

"Hodi ya pili hufuta ya kwanza," Bi Shekue akasema. "Mwambie mtoto ya tatu ilimfuta nani."