Mapeasi Yaliyochelewa Kuiva

Wapendwa, funikeni kwanza vitabu vya nyimbo. Nataka twende wote jikoni kwa mama mmoja.

Mama huyu tumwite Nakiete. Aliishi huko milimani, upande wa Lushoto, kwenye nyumba ya tofali yenye baraza mbele na miti ya mapeasi nyuma. Mjane, mtu wa kanisa, mpishi wa kutegemewa kwenye kila harusi na kila msiba wa kijiji kile. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Tufosa, aliyeolewa Tanga mjini. Na ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani.

Kisa chao ni hiki. Mama yao aliugulia nyumbani kwa Nakiete mpaka akafa. Tufosa hakuambiwa habari za ugonjwa ule. Alipigiwa simu mama akiwa amekwisha kata roho, mvua nazo zilikuwa zimeharibu barabara, na alipofika alikuta kaburi limekwisha fukiwa, watu wanakunywa chai. Alisimama mbele ya udongo mbichi, akamtazama dada yake, akarudi na gari lile lile lililomleta. Tangu hapo, kimya. Salamu zikawa zinapita kwa midomo ya watu.

Halafu, Jumatano moja ya Julai, wakati wa ule ukungu wa milimani, simu ya Nakiete ikaita.

"Dada, Jumamosi nakuja. Kuna jambo nataka kukuuliza."

"Jambo gani, mdogo wangu?"

"Nikifika."

Mmewahi kuambiwa hivyo? "Nikifika nitakuuliza." Usingizi unapatikana hapo? Chakula kinapita kooni? Nakiete alikuwa anafagia sebule, anasahau, anafagia tena. Moyoni alilijua hilo jambo. Hakulijua kwa maneno, lakini alilijua kama unavyoijua ngazi ya nyumbani kwako gizani.

Basi akatafuta njia. Na njia aliyoipata ilikuwa ya jikoni.

Marehemu mama yao alikuwa na kawaida. Mapeasi yale magumu, yasiyonunuliwa sokoni, aliyamenya akayaacha na vikonyo vyake, akayatia kwenye chungu pamoja na maji ya sukari, mdalasini na karafuu, akakiweka chungu pembeni ya moto, kwenye makaa yanayofifia. Yaliiva taratibu, yakawa mekundu, laini, kijiko kinazama bila kusukumwa. Hapo watoto walikuwa wanakaa kimya mezani bila kukemewa. Nakiete akajiambia: nitampikia hayo. Akionja tu, atamkumbuka mama, atalia, nami nitalia, na yatakuwa yamekwisha. Hakutahitajika maneno.

Sasa binti yake Nakiete alikuwa amemletea kutoka Dar chombo cha umeme, kile cha kupikia polepole: chungu kizito kimekaa ndani ya kasha lake, juu kifuniko cha kioo. Alimwelekeza vizuri. "Mama, hiki hakina haraka. Ukishaweka vitu, kiache. Ukifunua, joto linatoka, unaanza upya." Nakiete akaona ndicho hasa, kitamfanyia kazi ya makaa, na yeye apate nafasi ya kutandika meza.

Jumamosi ikafika, na woga wake ukaamka kabla yake. Akamenya mapeasi. Akayaona yanabadilika rangi mkononi, akayatupa, akachuma mengine. Akaweka sukari, akaonja, akahofia ni kidogo, akaongeza, akahofia ni nyingi, akamwaga yote akaanza upya. Akawasha chombo asubuhi ikiwa imekwenda tayari.

Kisha akaanza kufunua.

Alifunua kuona kama maji yamepata moto. Yalikuwa vuguvugu. Akafunika, akatandika kitambaa mezani, akarudi, akafunua. Akachoma peasi kwa uma; gumu. Taa ya ukutani ikapepesa, moyo ukamruka: umeme usikatike leo, Bwana, leo usikatike. Haukukatika. Akafunua kushukuru. Kioo kikawa kinajaa mvuke, yeye haoni ndani, na asipoona anafikiri limeharibika jambo, basi anafunua tena. Wapendwa, nani alikuwa anayachelewesha mapeasi yale?

Akiwa ameinama juu ya chungu, akasikia mlango wa mbele.

"Hodi."

Mapema! Gari lilikuwa limewahi. Nakiete akafuta mikono kwenye kanga, akafungua mlango kiasi cha kutoa uso. Tufosa alikuwa amesimama pale na koti lake jembamba la watu wa pwani. Amekonda. Nywele zimeanza mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, karibu sana. Ila kaa kwanza hapo barazani, usiingie ndani. Nakuja sasa hivi."

Akafunga mlango. Hata mkono hakumpa. Mikono ilikuwa na sukari.

Msimlaumu haraka. Alimpenda mdogo wake. Machozi yalikuwa yamemjaa alipoegemea ule mlango. Lakini meza ilikuwa haijakamilika, mapeasi hayajaiva, na yeye bila mapeasi yale hakuwa na la kusema. Akarudi jikoni mbio, akazungusha swichi kwenye moto mkali, akafunua.

Baada ya muda, sauti ikaja dirishani. "Dada, nikusaidie nini huko?"

"Hapana, usije! Bado kidogo tu."

"Kuna baridi hapa."

"Najua, mama. Vumilia kidogo, nakutengenezea kitu kizuri."

Akachoma kwa uma. Nje laini, ndani gumu kama kiazi. Akakata moja vipande, labda vipande vitawahi. Akamsikia Tufosa anakohoa. Akamsikia anatembea barazani, anakwenda, anarudi, kama mtu anayejipasha moto. Akasikia anasema jambo ambalo hakulishika vizuri, kitu kuhusu gari linalogeuza kurudi mjini, naye akaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo, nakuja!"

Halafu hakusikia kitu.

Ukimya ule aliushukuru kwanza. Akajua mgeni ametulia. Akapata muda wa kuchemsha yale maji ya sukari yawe mazito, akatoa bakuli la kioo, lile la wageni, akapanga mapeasi, akayamwagia ule wekundu juu. Yalikuwa yameiva? Karibu. Yalipendeza? Sana. Akavua kanga ya jikoni, akajifunga safi, akashika bakuli kwa mikono miwili, akafungua mlango kwa kiwiko akiwa na tabasamu alilokuwa ameliandaa tangu Jumatano.

Benchi la barazani lilikuwa tupu.

Akaita. Ukungu tu. Akaliweka bakuli pale pale sakafuni, akashuka njia ya kwenda barabarani, anakimbia yeye, mtu mzima, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Alimkuta Tufosa mahali yanaposimama magari, mkono mmoja umekwisha shika mlango wa gari.

"Tufosa! Mbona unaondoka? Nilikuwa namalizia. Nimekupikia mapeasi, yale ya mama, njoo ule kwanza, njoo..."

"Dada, mimi sikuja kula."

"Ni kidogo tu nilikuwa nimebakiza!"

Tufosa akamgeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Akasema polepole, "Umeniacha nje tena."

Tena. Neno dogo, wapendwa. Lilimkuta Nakiete akiwa na maelezo yake yote mdomoni: kwamba wakati ule alitaka mama apate nafuu kwanza ndipo apige simu, asimtie mdogo wake wasiwasi, kwamba alisema kesho, na kesho akasema labda keshokutwa hali itakuwa nzuri zaidi. Maelezo yale alikuwa amewapa watu wengi, na wote waliyakubali. Pale kwenye matope yakakataa kutoka.

Dereva akapiga honi. Tufosa akamwambia bila kumtazama, "Nenda tu, kaka." Gari likaondoka. Wakabaki wawili.

"Nilitaka kukuuliza hivi," Tufosa akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Mama aliniulizia?"

Sasa sikilizeni. Nakiete angeweza kusema hapana, mama alikuwa hajitambui. Nani angejua? Aliyejua alikuwa kaburini. Au angesema, "Twende kwanza nyumbani, tukae, ule." Miguu yake ilikuwa imeanza kugeuka kuelekea nyumbani.

Akaisimamisha.

"Alikuulizia kila siku," akasema. "Kila asubuhi. Nami nilimwambia uko njiani unakuja. Nilikuwa sijakuita, Tufosa. Mama amekufa anasikiliza mlango, na mimi ndiye niliyemdanganya. Nilikunyima mama yako. Naye nilimnyima mtoto wake. Nisamehe."

Tufosa akaketi chini, pale pale kwenye majani yenye umande, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukipata mazishini. Nakiete hakuthubutu kumgusa. Alisimama na kiatu kimoja, akingoja afukuzwe. Kisha Tufosa, uso bado uko magotini, akaunyoosha mkono wake mmoja pembeni, akapapasa hewani mpaka akaipata kanga ya dada yake, akaivuta.

"Kaa," akasema. "Niambie yote. Alikuwa ananiitaje?"

Nakiete akakaa.

Mtaniuliza, mchungaji, na yale mapeasi? Sijui. Labda kuku waliyala. Katika hao wawili hakuna aliyeyaulizia siku ile.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kupika. Tumemkosea mtu, na tunajua. Badala ya kumwendea, tunaingia jikoni. Tunampelekea mtoto wake zawadi. Tunamchangia harusi kuliko wengine. Tunamsifia mbele za watu. Tunaandaa kitu kitamu ili kitu hicho kikaombe msamaha kwa niaba yetu, nasi tunakifunua na kukifunika, tunahangaika, tunasema bado kidogo, nikiwa tayari, mambo yakikaa sawa. Na mwenyewe tumemweka barazani kwenye baridi. Hata Mungu tunamweka hapo! "Bwana, subiri nijirekebishe kwanza, halafu utaingia." Ni nani amewahi kuwa tayari? Wewe? Mimi?

Najua humu ndani kuna mama ambaye hajamsalimu mkwewe tangu mwaka ulipoanza. Najua kuna kaka wawili wamekaa madawati tofauti, mmoja kulia, mmoja kushoto, na wote wawili sasa hivi wanatazama viatu vyao. Siwataji. Mnajitaja wenyewe moyoni.

Tunakwenda kuimba wimbo mmoja, halafu tutaikaribia meza ya Bwana. Meza hii imekwisha andaliwa; hakuna aliyewaomba mlete bakuli. Basi, mwenye ndugu yake humu, asingoje wimbo uishe. Ainuke sasa, tukiwa tunatafuta namba. Avuke kati ya madawati, mikono mitupu, aseme lile neno gumu.

Sisi wengine tutainamisha macho, tutaimba taratibu.