Mgeni Mwenye Tope Pindoni

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti kama hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogezeni kuni, na wewe wa nyuma acha kusinzia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikiliza, palikuwa na mwanamke jina lake Sikudhani. Kwao ni milimani, kwenye migomba na ukungu, ambako ukisema una kiu unaambiwa inua uso ufungue mdomo. Baba yake, Mzee Kitwana, aliwahi kupotea jangwani enzi za ujana wake. Watu wa Horoda, mji ulio peke yake katikati ya mchanga, walimwokota ulimi umemkauka, wakamnywesha, wakamrudisha kwenye njia ya kwao. Sasa miguu ilikuwa imemwishia, na kila siku alilalama pale mlangoni.

"Mwanangu, mimi sitaki kufa na asante mdomoni. Nenda Horoda ukanishukurie. Na usiende hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi."

Sikudhani akajaza tenga ndizi mbichi ili ziive njiani, akajitwika, akashika njia. Akatembea, akatembea, akatembea. Migomba ikaisha, majani yakaisha, ikabaki miiba na mawe. Akafika kwenye korongo la mawe mekundu, kavu kama sahani iliyorambwa. Akatua tenga lake, akapanda jabalini kutafuta kivuli. Kumbe mawingu yalikuwa yanamvizia! Mvua ikashuka kwa kishindo, korongo likafurika, tenga likaenda na maji huku analitazama. Alilia, mtoto wa watu. Maji yalipopungua akavuka, akiburuta pindo la nguo kwenye tope, akaendelea na safari mikono mitupu.

Horoda alipokelewa na mama mmoja aitwaye Kabale. Kabale akampa maji kibuyu kizima, kabla ya watoto, kabla ya mbuzi. Ndani ya nyumba ya mikeka alikuwa amelala mama yake Kabale, Bibi Dabo, kikongwe mwepesi kama unyoya.

"Binti wa Kitwana?" Bibi Dabo akauliza. "Yule kijana aliyekunywa maji huku analia? Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu."

Sikudhani akapiga magoti, akaishika mikono ile, machozi yakamtoka. "Bibi, baba anasema asante. Hajaacha kusema asante tangu siku ile."

Moyo wake ulijaa shukrani, lakini mikono haikuwa na kitu, akaona haya.

Sasa sikilizeni. Kwao Sikudhani, mgeni hasemi taabu za njiani. Akizisema ni kama anamlaumu mwenyeji. Na huko Horoda, mwenyeji hamwambii mgeni shida za nyumbani, maana mgeni halishwi huzuni. Wote wana adabu, tena adabu tele, na nusura adabu hiyo iue mtu.

Asubuhi Kabale akasema, "Mwanangu, huwezi kufika Horoda ukaona mikeka tu. Twende nikutembeze."

Wakapanda mlima wa mchanga uimbao. Wakateleza kwa makalio, mama mtu mzima na mgeni wake, mchanga ukavuma chini yao: vuuu, vuuu, vuuu! Sikudhani akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Wakikung'uta nguo, Kabale akauliza, "Mgeni wetu, njia umeionaje?"

"Njema tu, mama."

Kabale akashika njia.

Wakafika uwanda wa chumvi, mweupe hata macho yanauma. Mbuni akamkodolea Sikudhani macho. "Umeacha ndizi zenu ukaja kutazama chumvi?"

"Nimekuja kushukuru, bwana."

"Aa! Basi tazama mpaka uchoke," mbuni akasema, akajisogeza ili asimzibe. Kabale akauliza tena, "Mgeni wetu, njia umeionaje?"

"Njema tu, mama."

Kabale akashika njia tena.

Mwisho wakafika kwenye chemchemi chini ya mikoma, mitende ya nyikani. Ndege walikuwa wakitua, wakichovya vifua, wakiruka. Sikudhani aliona uzuri kwanza. Halafu akaona maji hayafiki hata kifundo cha mguu, na mbuzi wamepanga foleni kwa zamu. Kabale akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, njia umeionaje?"

"Njema tu, mama."

Kabale akageuka, akajifuta macho.

Hapo ngamia jike aliyekuwa amepiga magoti kando alishindwa kuvumilia. Akanyoosha shingo, akaramba pindo la nguo ya Sikudhani.

"Mwongo!" akasema. "Njia njema haina tope. Hili ni la wapi? Sisi tumesahau hata ladha yake! Chemchemi hii inakufa, kesho tunahamia upande wa mawio, mbali, na Bibi Dabo hatafika. Tunakuuliza, nawe njema, njema, njema!"

Sikudhani akamshika Kabale mkono. Bibi Dabo! Mikono ile ile iliyoshika kibuyu!

"Nisameheni, mama. Mvua imenyesha upande wa machweo, kwenye korongo la mawe mekundu. Nimeacha madimbwi yamejaa. Nilikuwa na tenga la ndizi, zawadi yenu, likachukuliwa na maji. Niliona haya kuwaambia."

Kabale akampigia kelele na kumkumbatia kwa pamoja. "Mvua! Mtoto huyu ametuletea mvua, anaona haya kwa sababu ya ndizi!"

Naye ngamia akamramba Sikudhani viganja vyote viwili, taratibu, kimoja baada ya kingine.

Kesho yake Horoda nzima ikageukia machweo. Bibi Dabo alipakiwa juu ya ngamia yule yule, na kwa kuwa si mbali, akafika akiwa hai, tena anagombana. Maji yalikuwepo, majani yameanza kuchipua. Na kwenye mti wa miiba kandokando ya korongo, chane moja ya ndizi ilikuwa imenasa, imeiva, ya manjano. Bibi Dabo akala moja, akaitafuta mbegu kama ya tende, akaikosa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mwambie Kitwana safari hii nimekunywa mimi, na nimelia mimi."

Sikudhani akarudi kwao. Mzee Kitwana alikuwa pale pale mlangoni.

"Umefikisha asante yangu?"

"Nimeifikisha, baba. Na wao wamenipa yao nikuletee."

"Na zawadi?"

"Zilichukuliwa na maji. Nilifika mikono mitupu."

Mzee akashika kichwa. "Mitupu! Sasa wakakufanyaje?"

Sikudhani akamfunulia viganja vyake. "Ikarambwa, baba."

Hadithi yangu imefika kisimani, imetua mzigo hapo. Mwenye kiu na anywe, na akishiba, aseme asante.