Bi Konokono Aliyejifungia na Kirusi

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona kama hamjala? Na nyie watu wazima huko nyuma, midomo mmeikodisha? Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na bibi mmoja mshona kofia, jina lake Mwanapili. Ndani ya jicho lake, kule nyuma kabisa, palikuwa na kijiji cha konokono. Msicheke! Wadogo hao, chembe ya vumbi kwao ni mlima. Kila konokono na nyumba yake, kila nyumba na Buibui wake mlangoni. Kazi yao kupokea mwanga, ili Mwanapili aone. Lakini walikuwa hawazai. Akifa mmoja, pale alipokaa panabaki giza.

Siku moja, kwenye mlango wa konokono mmoja, ko ko ko! "Hodi!"

"Karibu," akasema Bi Konokono.

Akaingia Kirusi, yule mleta maradhi. Hana sufuria, hana unga, ana maneno matamu tu. Bi Konokono akampeleka moja kwa moja jikoni. Jikoni, jamani! Mgeni usiyemjua si anakaa barazani kwanza?

Kirusi akashika mwiko. Songa, songa, songa! Hakusonga ugali, alisonga watoto. Kila tonge linafumbua macho, linauliza, "Baba, kwa jirani ni wapi?"

Bi Konokono akapiga ukelele. "Majirani! Mwizi yuko jikoni kwangu! Amsheni Buibui wenu!"

Nyumba hadi nyumba, Buibui wakaamka, wakatanda nyuzi. Ukelele ukafika mpaka kwenye mto wa damu. Siafu, jeshi la mto huo, wakaja, chaka chaka chaka!

"Fungua, mama! Tuingie tumng'ate!"

Bi Konokono alitamani kufungua. Aliogopa sana. Akauliza, "Mtamng'ata yeye peke yake?"

Mkuu wa siafu akajikuna. "Sisi tukianza hatuchagui, mama. Tutakung'ata wewe, na majirani pia."

"Basi kaeni huko huko. Buibui, funga mlango!"

"Nawe uko ndani, bibi?"

"Nami niko ndani. Funga!"

Buibui akafunga, huku anaimba:

Kaza uzi, kaza!
Asitoke mtu, kaza!

Bi Konokono akabeba unga wake wote, akaumwaga dirishani. Pwaa! Kirusi akakwangua sufuria, kwaru, kwaru. Tupu. Wale watoto wakakimbilia mlangoni, wakanasa kwenye nyuzi, nata nata nata.

"Mwenye nyumba," akalia Kirusi, "nina njaa!"

"Hata mimi nina njaa," akajibu Bi Konokono, "na nyumba ni yangu."

Kirusi akanyauka, akanyauka, akaisha. Watoto wake nao wakakaukia mlangoni.

Buibui akafungua. Bi Konokono akatoka, amekonda, lakini yu hai! Majirani wakamletea uji, kila mmoja na bakuli lake, mpaka akasema basi.

Na Mwanapili je? Alikuwa kibarazani anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ukapita. Akaendelea na kofia yake, hajui lolote.

Basi wanangu, na wazee wangu, shikeni hili: adui akiingia katikati ya watu wako, usimwitie jeshi lisilochagua. Mfungie, umnyime chakula, hata kama nawe utalala njaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na macho yenu mazima.