Tabaka Lililobonyea

Mjane mmoja alikuwa na mabinti wawili na sufuria mbili zilizolingana. Waliishi katika bonde la wakulima wa kakao, ambako watu huuza mbegu zake chungu kwa magunia, kisha huununua unga wake dukani kwa vijiko. Sufuria zile mjane alizinunua siku moja, kwa fundi mmoja, na mabinti wale aliwafundisha kwa maneno yaleyale: vikavu kwanza, mayai na mafuta baadaye, maji ya moto mwisho, kisha mkaa kidogo chini, mkaa zaidi juu ya mfuniko, na mikono mbali mpaka harufu iwaite.

Binti mkubwa, Atupele, aliyashika mafunzo hayo akawa hodari. Keki zake ziliumuka mpaka zikafanya kilele katikati, na kilele hicho kikawa ndilo jina lake. Hapakuwa na harusi wala kipaimara ambapo watu hawakusimama kukitazama. Binti mdogo, Sekela, aliolewa mbali. Baada ya miaka michache alirudi na begi moja, na hakueleza mengi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza vizuri. Mama yake alimpokea kwa machozi. Dada yake alimpokea kwa ratiba ya kazi. Akapewa chumba cha nyuma, kati ya magunia ya kakao, na tangu siku ile akawa wa mwisho kukaa kwenye chakula na wa kwanza kunyanyuka, kama mgeni anayeogopa kuulizwa ataondoka lini.

Ikatokea mjane akaugua, akapelekwa hospitali ya mbali, na majirani wakaanza kuulizana habari za mbao za jeneza. Lakini akapona. Aliporudi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, aliagiza ifanyike sala ya shukrani nyumbani, na baada ya sala iletwe keki moja ya chokoleti yenye matabaka mawili: moja la Atupele, moja la Sekela. "Nitaikata mwenyewe," alisema. Sekela aliyapokea maneno hayo kama mtu anayesubiri hukumu. Akajiambia moyoni: nikiiona kazi ya mkono wangu mezani siku hiyo, nina kwetu, nisipoiona, nitapanda basi la jioni na sitarudi tena.

Siku ilipofika, kila mmoja alibandika sufuria yake uani. Atupele alifunika akaenda kusukwa nywele. Sekela alifunika akakaa palepale. Alikuwa ametoka katika nyumba ambamo mabaya yalipikwa kimyakimya, na hakuwa tena na imani na kitu kilichofunikwa. Akainua mfuniko pamoja na makaa yake, kidogo tu, apate kuhakikisha. Akainua tena. Akainua tena. Keki ilipotoka, kingo zake zilikuwa zimesimama vizuri, ila katikati ilikuwa imebonyea kama godoro lililolaliwa na mtu mzito. Ilikuwa imeiva. Haikuwa imeungua. Ilikuwa na shimo tu.

Atupele akaja akaitazama. Akazunguka upande wa pili, akaitazama tena. "Mdogo wangu, hii ni keki au bakuli?" akauliza. "Basi tuletewe na mchuzi." Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka, na Sekela akacheka nao, maana kucheka nao kulikuwa kwepesi kuliko kusimama peke yake. Kisha akaifunika keki yake kwa kitambaa, akaingia nayo chumba cha nyuma, akalivuta begi lake kutoka chini ya kitanda.

Atupele akapika tabaka la pili kwa mkono wake mwenyewe. Nalo likaumuka kama la kwanza, kilele kwa kilele. Lakini alipolipandisha moja juu ya jingine, la juu likayumba. Akaongeza krimu ya kakao katikati, likateleza. Akaligeuza la chini, likabembea juu ya sinia kama kiti chenye mguu mfupi. Kisu hakukigusa, kwa kuwa kukikata kilele kile kwake kulikuwa sawa na kulikata jina lake. Akajaribu kwa mara ya mwisho, na tabaka la juu likaporomoka, likavunjika vipande mezani. Kutoka barazani zilisikika sauti za watu wakiuanza wimbo wa kufunga sala.

Sekela alikuwa akifunga zipu ya begi mlango ulipofunguliwa. Alitarajia karipio. Dada yake alisimama kizingitini, amepakaa krimu hadi viwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao hakuwa na la kuamuru.

"Mdogo wangu," alisema, "naomba lile bakuli lako. Tabaka langu halina pa kukaa."

Sekela alikiondoa kitambaa. Aliibeba keki yake mpaka mezani, akaiweka juu ya sinia, akalipaka krimu lile shimo alilolionea haya. Kisha akalishika tabaka la dada yake kwa viganja viwili, akasita, akamtazama usoni. Atupele akaelewa anachoombwa. Kilele kile kingepaswa kugeuzwa kitazame chini, mahali ambapo hakuna mgeni hata mmoja angekiona. Akajifuta krimu mikononi. Halafu akaweka mikono yake juu ya mikono ya mdogo wake, wakaligeuza pamoja, wakalishusha. Kilele kikaingia shimoni taratibu, kama kichwa kinavyoingia kwenye mto kilichouzoea. Tabaka halikuyumba. Juu pakawa sawa kama meza. Sekela akakaa juu ya kigoda akaanza kucheka, na safari hii hakuwa akiwafuata wengine.

Mjane aliikata keki mbele ya watu. Katika kila kipande krimu ilipita katikati kwa mstari uliopinda, na wageni wakaulizana huo ni ufundi gani. Mama alikula kipande chake polepole, wala hakuuliza tabaka lipi ni la nani. Basi la jioni likapita barabarani, likapiga honi. Sekela alilisikia akiwa uani, akizisugua masizi sufuria mbili zilizolingana. Akazisuuza, akazipanga juani, moja kando ya nyingine.

Basi ninyi mlioumuka vizuri, niambieni: kilele chenu kitakaa wapi, ikiwa waliobonyea wote mmekwisha kuwafungisha mizigo?